Mpiga Video wa Upande wa Wanawake

Kwake ulipiga hodi, na hodi peke yake haikutosha. Sisi watu wa Palma, kusini kidogo ya mto Ruvuma, mtu akipiga hodi tunajibu karibu hata kama mdomo umejaa wali, halafu ndiyo tunageuka kutazama nani kaingia. Yeye hapana. Ungesimama nje ya pazia lake, hodi, hodi, naye ndani kimya, mpaka uongeze maneno: ni mimi fulani, nimekuja kwa jambo fulani. Akishaitambua sauti ndipo atasema karibu, tena kwa upole wote, utadhani si yeye aliyekusimamisha juani. Wengi walisema ana kiburi. Mimi nilikuwa na duka la vitenge na vifungo ukuta kwa ukuta naye, nikamzoea. Nikifika mlangoni natoa maelezo yangu yote kwa pumzi moja, kama mtoto wa chuoni anayesomeshwa sura.

Alikuwa mpiga video. Si wa harusi nzima, wa upande wa wanawake tu. Ndoa msikitini, wazee wakipeana mikono, sahani za pilau, hayo alipiga yeyote mwenye kamera. Lakini ile alasiri ya wanawake, uwanja unapozungushiwa turubai, wanawake wakavua mitandio, wakajipaka msiro mweupe usoni na kucheza kama walivyojaliwa, hapo mwanamume haingii. Awe kaka wa bibi harusi, awe mtoto aliyeota ndevu juzi, haingii. Na mwanamke mwenye kamera, mwenye kompyuta na akili ya kuunganisha picha zikawa filamu, kuanzia Ruvuma hadi Quiterajo kule chini, kwa miaka mingi alikuwa huyo mmoja. Kwa hiyo kila mji ulimwita, na kila mji ulimwogopa kidogo.

Wasimwogopeje? Alikuwa ametuona wote tukicheza.

Nakala alikuwa hatoi. Sehemu ya wazi ya harusi alikuchomea kwenye sidii ukaondoka nayo. Sehemu ya wanawake ilibaki ndani ya kompyuta yake, basi. Ukitaka kuitazama unakwenda kwake, unapiga hodi yako ndefu, unakalishwa mkekani, anafunga mlango, unatazama mpaka uridhike, unakwenda zako.

"Nakala ikilala kwako," alisema, "shemeji yako ataiona kabla ya Ijumaa. Hata akiwa mcha Mungu. Hasa akiwa mcha Mungu."

Chumba kile alasiri kilijaa wanawake wanaojitazama wenyewe. Wanacheka, wanasutana, huyu anasema mimi sikunenepa hivyo, kamera yako ndiyo imeninenepesha, yule analia kwa sababu kamwona dada yake aliyeolewa mbali. Mama yangu alikuwa miongoni mwao. Kitinda mimba wetu alipoolewa, mama alicheza, na waliokuwapo hawajaacha kusema. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa mbovu tangu alipoanguka shamba, kwa hiyo alikuwa na hatua yake mwenyewe: mguu wa kulia unakwenda, wa kushoto unafuata kwa kuburura, pindo la kanga kaliuma kwa meno, mikono yote miwili juu. Ngoma ikibadilika yeye alisimama kwanza, akaiacha ngoma ipite, ndipo akageuka. Wenzake wote walikuwa wameshageuka. Lakini ukitazama uliona wao ndio waliowahi, yeye ndiye aliyekuwa sawa.

Basi bibi yule mzima, na nyonga yake, alikuwa akifika kwa jirani yangu na kusema, "Hebu nirudishie pale ninapogeuka." Mpiga Video anarudisha. "Tena." Anarudisha tena. Mama alifariki mwaka uliofuata, baada ya Ramadhani, nami nikawa nakwenda peke yangu. Sikulazimika hata kusema ninachotaka. Alifunga mlango, akaweka pale pale.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mmbeya jamani. Angekueleza nani kaunguza pilau ya wageni mia, nani kavaa dhahabu ya kuazima, nani kaingia harusini na kutoka na sufuria. Lakini ya ndani ya ile kompyuta, hata ungemkaba koo. Aliwapiga watu video usiku na mchana, na yeye mwenyewe picha yake hata ya kitambulisho alilalamika. Alitusimamisha mlangoni kwake kama maofisa wa mpakani, halafu jikoni kwangu aliingia bila hodi, akafunua vyungu na kuonja mchuzi kwa kidole. Nikimsema, ananijibu, "Kwako hakuna siri, mwanangu, kuna chumvi nyingi tu."

Na hakucheza. Miaka yote ile ya ngoma hakuna aliyemwona akicheza. Wanawake walimvuta mkono, akakataa: "Nimewashika watu wote hawa kwa mkono mmoja. Nikicheza mtaanguka."

Kompyuta yake ilikuwa ya mezani, nene, yenye feni inayonguruma. Aliifunika kitambaa cha kudarizi, akaisemesha asubuhi kama mtu anavyosemesha kuku wake. Leo una homa? Leo umeamka vizuri? Kijana wa ofisi ya serikali aliyemuuzia alimfundisha kuweka programu ya ulinzi, ile yenye alama ya ngao, naye akaongeza sheria yake: flashi ya mtu mwingine haiingii. "Flashi ni kama mswaki," alisema. "Hata wa dada yako hutii mdomoni."

Kisha ikaja gesi. Sisi hatukuiona gesi yenyewe, tuliona vilivyofuatana nayo: meli zimesimama mbali nje ya ghuba ya Tungue, wageni wenye viatu vizito, nyumba za kulala wageni zikiota kama uyoga, vijana wenye koti za kampuni. Mnara wa simu ukaongezwa. Na harusi! Kijana akipata mshahara wa kwanza anaoa, wa pili anajenga choo. Mpiga Video alikuwa hapumziki. Alinunua modemu ya kuchomeka, kidude chenye taa ya buluu, akawa anaingia intaneti, anaandikiana na bibi harusi zake walioolewa Nampula na Pemba, Pemba yetu ya bara, si ile ya kisiwani. Alifurahi mno. Mimi pia nilifurahi kwa ajili yake, sikuwa na sababu ya kuogopa taa ya buluu.

Mwaka huo kulikuwa na harusi ya binti wa Palma na kijana wa ukoo wa wafanyabiashara wa Mtwara. Ili mtu aelewe kilichotokea lazima aijue desturi ya begi. Upande wa bwana harusi unaleta begi la bibi harusi, lina nguo, viatu, manukato, na begi hilo hufunguliwa mbele ya walioleta. Kila kitenge kinainuliwa juu, kinapigiwa vigelegele. Kuliweka pembeni bila kulifungua ni tusi. Ni kama kusema tunajua mmeleta takataka, tutazichambua mkishaondoka. Watu wamewahi kurudishiana begi na ndoa kwa jambo hilo.

Keshoye baada ya shughuli, wanawake wa pande zote mbili walijaa chumbani kwa Mpiga Video kujitazama. Mimi nilibanana karibu na mlango. Hapo somo wa bwana harusi, msimamizi wa upande wao, mama wa Mtwara mwenye bashasha na bangili hadi kwenye kiwiko, akasimama, akatoa hankachifu inayonukia udi, akaifungua. Ndani mna flashi.

"Na sisi kwetu tulicheza," akasema. "Nimekuleteeni alasiri yetu, mpiga video wenu aziunganishe ziwe harusi moja. Fungueni tuone!"

Akaitoa kwa mikono miwili. Vigelegele.

Nilimwona jirani yangu anaigeuza geuza ile flashi. Akasema polepole, "Ahsante sana, dada. Nitaitazama baadaye. Niisafishe kwanza."

"Uisafishe?" Bangili zikanyamaza. "Kwani sisi tumekuja na uchafu?"

Lo! Mama wa bibi harusi akakohoa kile kikohozi ambacho si cha kifua. Mpiga Video akatazama watu wote wale, wageni waliovuka mto, binti aliyetoka kuolewa jana. Akaichomeka.

Ikaonekana faili moja yenye alama ya filamu. Akaibonyeza. Badala ya filamu likaja dirisha lenye maneno ya Kiingereza, hakuna aliyeyasoma, na kitufe cha kukubali.

"Bonyeza tu hapo, dada," yule somo akasema, amesharudi kwenye bashasha yake. "Hata kwetu iliuliza hivyo hivyo."

Akabonyeza. Na filamu ikacheza! Wallahi walicheza vizuri wanawake wa Mtwara. Tulipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Dirisha lile hakuna aliyelikumbuka tena, kwa nini alikumbuke, tuliahidiwa harusi na harusi tumeiona.

Baada ya hapo kompyuta ikawa nzito. Kufungua filamu moja ungechemsha chai ukaimaliza. Ile alama ya ngao ikazimika, akaiwasha, ikazimika tena. Vocha ya intaneti aliyozoea kutumia mwezi ikawa haimalizi wiki, akaenda kugombana na muuza vocha barazani pake, akamwita mwizi mbele za watu, maskini kijana wa watu hana kosa. Taa ya modemu ilipepesa hata yeye akiwa jikoni kwangu anaonja mchuzi. Halafu akapigiwa simu na kaka wa bibi harusi mmoja, yuko Pemba: "Mama, nimepata ujumbe wako, unaniambia nifungue video ya harusi ya dada. Hii imekuwaje? Mimi mwanamume." Yeye hakuwa ameandika ujumbe wowote. Akaniambia pengine ni mtandao umechanganya watu, lakini nilimwona hajiamini anachosema.

Asubuhi moja tulikuwa chumbani kwake, tunakunywa chai, kompyuta iko wazi, hakuna aliyeigusa. Mshale ukaanza kutembea.

Ulikwenda taratibu, ukasimama, ukaenda tena, kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta swichi. Ukafika kwenye fungu lenye jina Harusi. Likafunguka. Mimi nilidhani ni jini, nikaanza kusoma Ayat al-Kursi. Yeye hakupiga kelele. Aliruka, akang'oa modemu, kisha akang'oa waya wa umeme ukutani, feni ikazimika. Akavuta kile kitambaa cha kudarizi akaifunika. Halafu akachukua mtandio wake akajitanda kichwa na mabega, chumbani kwake mwenyewe, mlango umefungwa, tuko wawili tu. Sijapata kumhurumia mtu kama siku ile.

Tuliipeleka Pemba. Mimi nilikuwa na mzigo wa vitenge wa kuchukua, nikaandamana naye. Aliifungasha kompyuta kwa mashuka, hakumpa mtu kuibeba. Fundi wake, tekniku kama wanavyomwita huko, alikuwa kijana mpole, Kireno chake cha shule na Kiswahili chake chenye ladha ya Kimwani. Akaifungua bila intaneti, akatazama kwa muda, akatikisa kichwa.

"Senhora, hii ni cavalo de Troia."

"Farasi?"

"Farasi wa Troia. Trojani." Akatuhadithia kisa cha watu wa kale walioletewa farasi wa mti, zawadi, wakamwingiza mjini wenyewe, kumbe tumboni mna askari.

"Palma hatuna hata punda," jirani yangu akamkata. "Ngoja niseme kwa cha kwetu. Ni begi la bibi harusi. Mtu kajificha chini ya vitenge."

"Ndiyo hivyo, senhora. Wapo virusi wanaojipenyeza wenyewe, huyu si wa namna hiyo. Huyu anakuja amevaa sura ya kitu unachokitaka, anakaa mlangoni, anangoja mumkaribishe. Akishaingia anazima ulinzi, halafu anamfungulia mwenzake aliye mbali. Huyo wa mbali anaona unachoona. Ukiandika neno lako la siri analisoma. Na kwa jina lako anawapelekea watu wako begi lingine."

"Na aliyeileta ile flashi?"

"Aliyeileta pengine naye kaletewa. Hajui."

Jirani yangu akauliza lile lililompeleka Pemba. "Filamu zangu zimetoka?"

Kijana alikuna shingo. Filamu ni nzito, alisema, na intaneti ya Palma nyembamba. Labda hazikutoka. Labda moja mbili. Picha ndogo ni nyepesi, hizo hawezi kujua.

"Labda," akarudia. "Hilo ndilo neno la kumpelekea mama wa mtu?"

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza kufuta kila kitu, mashine ikabaki kama siku iliyotoka kiwandani. Ya pili, aiache kwake, azitoe filamu moja moja, aone kila moja ni filamu kweli au ni mwingine aliyejificha, azihamishie kwenye diski safi.

"Utaonaje kama ni filamu?"

"Nitazifungua."

"Utazitazama."

"Kidogo tu, senhora."

Mimi nikaingilia. Nikasema kwa nini asimfundishe yeye mwenyewe azifungue? Kijana akasema kufundisha anaweza, lakini mtu asiyejua alama zake atambeba mgeni yule yule ampeleke kwenye diski mpya, na kazi yote itakuwa bure. Jirani yangu akasema, "Mimi nimeshabonyeza mara moja. Mara ya pili sijiamini."

"Basi niachie, mama," kijana akasema, kwa wema kabisa. "Mficha uchi hazai."

"Uchi huu si wangu, mwanangu. Ungekuwa wangu ningekuvulia."

Nilicheka, kisha nikaacha, maana hapo nilielewa mama yangu yumo katika hayo yanayozungumzwa. Kijana akauliza, basi afute? Nikamwona anafungua mdomo kusema ndiyo. Akaufumba. "Ngoja. Si zangu za kufuta."

Tukarudi nayo. Akazunguka nyumba kwa nyumba, Palma mjini, vijiji vya ghuba, mpaka kule rasini ambako watu walikuwa wameshaambiwa watahamishiwa Quitunda kupisha gesi. Safari hii yeye ndiye aliyesimama nje akipiga hodi. Tuliambiwa baadaye alivyosema, na kote alisema vile vile: "Nimemkaribisha mwizi kwa mkono wangu. Labda amewaona wanao, labda hakuwaona. Mwenye filamu ni wewe, useme nifanyeje." Wakimwuliza flashi ilikuwa ya nani, anajibu, "Aliyebonyeza ni mimi." Yule somo wa Mtwara hakumtaja popote, na ndoa ile ipo hadi leo, ina watoto.

Wengine walilia. Mama mmoja alimwambia, tulikuamini kuliko waume zetu, akaingia ndani akafunga mlango. Mwingine akapasuka kicheko: mwizi akiniona mimi na tumbo hili atajuta mwenyewe! Kule rasini bibi mmoja alitaka isifutwe, kwa sababu ndani ya filamu ya mjukuu wake kinaonekana kisima chao na mkorosho wa mlangoni, na yeye alijua hatakwenda navyo Quitunda. Akakaa akafikiri. Mwishoni akasema futa, wajukuu bado hawajaolewa wote. Karibu wote walisema futa.

Mwisho akaja kwangu. Kwa mara ya kwanza alipiga hodi jikoni kwangu, nami nilijua kwa hiyo hodi kwamba sitapenda anachokuja kusema.

"Yangu sitaki ifutwe," nikamwambia kabla hajakaa. "Mpe yule kijana aitoe. Mama amekufa, kuna aibu gani tena? Yuko kwa Mola wake."

"Maiti tunamwosha nyuma ya pazia," akasema. "Kwa nini? Si amekufa?"

Nikasema mimi ndiye mtoto wake mkubwa, nina haki.

"Angekuwa hai ningemwuliza yeye. Hayupo, siwezi kukuuliza wewe mwili wake." Alisema kwa sauti ya chini, hakukasirika. "Na humo hayuko peke yake. Wapo wenzake, yupo mdogo wako."

Nililia, nikamwambia maneno ambayo hata sasa nikiyakumbuka siyafuti yote, maana sehemu yake yalikuwa kweli: kwamba sisi ndio tunaolipa kwa ajili ya kuona haya kwake mbele ya wageni. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akatoa modemu mfukoni akaniwekea mkononi mwangu, nihakikishe haichomekwi popote, akasema, "Njoo umtazame."

Tulitazama. Mama akaingia uwanjani, pindo la kanga mdomoni. Machozi yalinizuia, naona mtu wa maji maji tu. Akamrudisha. Akamrudisha tena bila kuombwa. Mimi niliinamisha kichwa, yeye akaendelea kutazama, midomo yake inacheza kama mtu anayehifadhi. Keshoye alikwenda Pemba, akasimama nyuma ya yule kijana mpaka kikafutwa kila kitu.

Nilimnunia. Nasema wazi. Tulikaa ukuta kwa ukuta, asubuhi shikamoo, jioni kimya, na vyungu vyangu havikufunuliwa tena. Aliendelea kupiga video kwa wale waliomwita, wakawa wachache, na siku hizo simu zenye kamera zilikuwa zimeanza kujaa mifukoni mwa wasichana. Halafu yakatukuta yaliyotukuta, vita, kila mtu akakimbia na alichoweza kubeba. Nilisikia yuko Pemba, nikasikia yuko ng'ambo ya mto. Hasira yangu sikumbuki niliidondosha njia gani. Nilijua tu siku moja kwamba ninayo hamu naye.

Binti yangu alipoposwa tulikuwa tumekimbilia Quitunda, kwenye zile nyumba za matofali zinazofanana mpaka mgeni anakosea mlango. Nikamtumia salamu kwa watu watatu. Akaja, amezeeka, jicho moja limeingia ukungu, na begani hana kamera. Alisimama nje ya mlango wangu akapiga hodi, akataja jina lake na alichojia. Nikamwambia pita ndani wee mwanamke, usinifanyie ya maofisa wa mpakani. Kabla hajakaa alikuwa ameshafunua chungu.

"Chumvi bado," akasema.

Siku ya shughuli aliomba kazi moja. Alikaa kwenye uwazi wa turubai na beseni kubwa la plastiki mapajani, kila mwanamke anayeingia anatia simu yake humo. Wasichana walinung'unika, jamani bibi, hata picha moja? Hata moja. Mmoja akajidai hana simu, ikalia kiunoni mwake, tukacheka mpaka basi. Beseni likajaa, akalifunika kwa kitambaa cha kudarizi. Nilikitambua.

Ngoma zikaanza. Binti yangu alikuwa amekaa mkekani katikati, msiro usoni, anaona haya kama inavyotakiwa. Akanivuta kanga. "Mama, eti bibi alikuwa anachezaje? Kila mtu ananiambia hakuna aliyecheza kama yeye, na hakuna anayenionyesha."

Alikuwa mdogo mno siku ile bibi yake alipocheza, hakumbuki. Nikataka kumwambia. Nikasema, nyonga yake ilikuwa mbovu. Nikasema, alikuwa anauma kanga. Maneno yakaishia hapo, nikasimama kumwonyesha, miguu ikaniangusha, mimi sikurithi hata robo. Nikakaa.

"Nishikie," sauti ikasema juu yangu. Beseni likatua mapajani mwangu, zito.

Mpiga Video alijifunga kanga kiunoni. Akaingia katikati ya uwanja, wenye kumjua wote tukasogea kutazama, kwa sababu hatukuwahi kumwona akicheza. Mguu wa kulia ukaenda. Wa kushoto ukafuata kwa kuburura. Mikono yote miwili juu, pindo la kanga kaliuma kwa meno, kichwa kimeinama kidogo upande wa kulia, jambo ambalo mimi mwanawe nilikuwa nimelisahau kabisa. Wapigaji wakabadilisha ngoma. Wanawake wote wakageuka. Yeye akasimama, akaiacha ngoma ipite, ndipo akageuka.

Nilipiga yowe, sijui niliita nini. Nadhani niliita mama.

Alimaliza, akaja anahema, akachukua beseni lake mapajani mwangu. Akamwinamia binti yangu.

"Umemwona?"

"Nimemwona, bibi."

"Haya," akasema, akarudi kukaa mlangoni.